Kujitolea na Kutolewa: Walimu wa Kiungani na Mbweni, Unguja, 1864–1926

Neno "kujitolea" hutumika sana katika makanisa yetu, na mara nyingi hutumika bila kuulizwa maswali. Kijana atokaye Ulaya au Marekani kuja kufundisha katika shule ya sekondari ya dayosisi kwa miezi sita huitwa mtu wa kujitolea. Mwinjilisti wa mtaa ambaye hajapata posho yake tangu mavuno yaliyopita naye huambiwa kwamba anajitolea, na husifiwa kwa hilo siku ya mkutano mkuu. Je, hawa wawili wanafanya jambo moja? Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, na kwa ajili hiyo tutakwenda kisiwani Unguja, ambako tangu mwaka 1864 walimu kutoka Uingereza walifundisha bila kupokea mshahara. Historia hii si ya Kanisa la Kilutheri. Ni ya ndugu zetu Waanglikana. Hata hivyo inatuhusu, maana Kiswahili tunachohubiria na kuandikia kilipita mikononi mwa walimu hao na, kama tutakavyoona, mikononi mwa wanafunzi wao zaidi.

Chanzo cha kazi hiyo kinajulikana. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge akiwaomba vijana wasomi waende Afrika. Kutokana na hotuba hiyo iliundwa misioni ya vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, ambayo huku kwetu ilikuja kujulikana kama U.M.C.A. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda na wenzake katika nyanda za juu za mto Shire, wakakaa Magomero. Waliingia katikati ya vita na biashara ya watumwa, wakashika bunduki kuwatetea watu waliowaokoa, wakapatwa na njaa na homa. Mackenzie alifariki tarehe 31 Januari 1862, mwaka mmoja tu baada ya kuwekwa wakfu. Askofu aliyemfuata, William Tozer, alitazama hali ilivyokuwa akaamua kuondoka. Tarehe 31 Agosti 1864 yeye na rafiki yake Edward Steere walitia nanga Unguja.

Livingstone alichukizwa sana na uamuzi huo. Kwake yeye, kuondoka bara na kwenda kukaa kisiwani chini ya bendera ya Sultani kulikuwa ni kukimbia. Tozer aliona vinginevyo. Alisema kwa matendo yake kwamba bara la Afrika halitahubiriwa na Wazungu wachache wanaokufa mwaka wa kwanza. Litahubiriwa na Waafrika wenyewe, na hao ni lazima wapate shule mahali palipo salama kidogo. Kisiwa basi kilichaguliwa kiwe shule. Tunaamini Tozer alikuwa na haki katika jambo la kwanza, yaani kwamba Waafrika ndio watakaofanya kazi hiyo. Swali ni hao Waafrika wangepatikana vipi.

Kabla ya kulijibu yatupasa kusema jinsi walimu wenyewe walivyoajiriwa, kama neno hilo linafaa. Misioni haikuwalipa mshahara. Askofu, kasisi, mwalimu wa kike, seremala na mpiga chapa, wote walipewa chakula na malazi, na juu yake posho ya pauni 20 kwa mwaka kwa ajili ya nguo na mahitaji madogo. Walitakiwa wasiwe na ndoa wakati wote wa utumishi. Aliyetaka kuoa au kuolewa aliacha kazi. (Steere alikuwa na mke, lakini mke huyo alibaki Uingereza.) Kanuni hiyo ilikuwa tofauti kabisa na desturi ya misioni za Kijerumani zilizotuzaa sisi, ambazo zilimlipa mmisionari ujira wa kawaida na kuiona nyumba yake, pamoja na mke na watoto, kuwa sehemu ya mahubiri. Kila desturi ina faida yake. Kanuni ya U.M.C.A. iliondoa tofauti ya kipato kati ya askofu na fundi, na hilo si jambo dogo hata leo. Lakini tusisahau kwamba mtu anayeweza kufanya kazi miaka ishirini bila mshahara mara nyingi ni mtu ambaye nyuma yake kuna jamaa wenye uwezo, na nyumba ya kurudia akiugua. Umaskini wa kuchagua una mlango wa nyuma.

Sasa tuwatazame wanafunzi. Muda mfupi baada ya Tozer kufika, Sultani Majid alimpa wavulana watano. Walikuwa wamekamatwa katika jahazi lililosafirisha watumwa kinyume cha sheria, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwarudisha kwao, walitolewa kwa Wazungu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kwanza. Msomaji atazame kitenzi tulichotumia: walitolewa. Mwalimu alikuwa amejitolea, mwanafunzi alikuwa ametolewa, nao wakakutana katika chumba kimoja bila lugha ya pamoja. Miongoni mwa watano hao walikuwamo John Swedi na George Farajallah, ambao mwaka 1870 walipewa daraja la ushemasi mdogo. Majina yao yanaonyesha hali yao: la kwanza limetoka Uingereza, la pili limetoka pwani, na lile walilopewa na mama zao halionekani kabisa.

Wengine wengi waliwafuata. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash alilazimishwa kuutia sahihi, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa na biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku. Haikukoma, ilijificha. Manowari za Kiingereza, na hasa meli kubwa London iliyowekwa bandarini tangu 1874, zilituma mashua zake kuvizia majahazi usiku. Watu waliokamatwa humo waligawanywa: wengine walikwenda kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa na kituo Bagamoyo, wengine walipelekwa Freretown karibu na Mombasa, na wengine wakaletwa kwa U.M.C.A. Wavulana walikaa Kiungani, kusini mwa mji, katika shule iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Andrea. Wasichana waliokuwa wamefundishwa kwanza mjini, chini ya Helen Tozer dada yake askofu, walihamishiwa baadaye Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka 1871 mbele zaidi ya Kiungani. Hapo Mbweni palijengwa pia kijiji cha watu wazima waliowekwa huru, kila familia na kibanda chake na kipande cha kulima.

Watoto hao walisema Kiyao, Kimakua, Kinyasa na lugha nyingine za bara. Walimu walisema Kiingereza. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yao; kilikuwa lugha ya mji uliowazunguka, nacho kikafanywa lugha ya darasa. Uamuzi huo ulikuwa wa Steere kuliko mtu mwingine yeyote. Alishika kalamu tangu wiki za kwanza akiandika kila neno alilosikia, akawauliza wanazuoni wa Kiislamu, wafanyabiashara, na watoto wa shule. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili: kitabu cha sarufi na msamiati wa lugha ya Unguja, na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa mji. Agano Jipya katika tafsiri yake lilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na Biblia nzima, iliyomaliziwa na wenzake, mwaka 1891.

Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu ya kawaida ya kujitolea inapogeuka. Tumezoea kusema kwamba mwalimu mgeni alileta na mwanafunzi akapokea. Kwa habari ya Kiswahili mambo yalikuwa kinyume. Steere alifika Unguja akiwa mwanafunzi, na walimu wake walikuwa wenyeji wa Unguja. Hadithi zilizompa jina zilitoka vinywani mwao. Wavulana wa Kiungani walipanga herufi za chapa, wakasahihisha kurasa, wakamwambia mwalimu wao kwamba sentensi fulani haisemwi hivyo. Arthur Madan, msomi wa Oxford aliyekuja Unguja mwaka 1880, aliendeleza kazi hiyo hata akatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Miaka ya ishirini na thelathini ya karne iliyopita, serikali za Afrika Mashariki zilipotafuta Kiswahili kimoja cha shule, zilichagua Kiunguja, na kamusi zilizofuata zilisimama juu ya msingi wa Madan. Karl Roehl wa upande wetu wa Kilutheri, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu ambayo Steere aliyapokea bila wasiwasi. Watu wa pwani hawakumfuata. Yumkini ni kwa sababu Steere alikubali kufundishwa lugha jinsi ilivyosemwa, na Roehl alitaka kuifundisha lugha iwe kama alivyopenda.

Turudi shuleni. Siku ya Kiungani iligawanywa kati ya sala, kusoma, kuandika, hesabu, kuimba, na kazi za mikono: useremala, uchapaji, kulima. Walioonekana wepesi wa kujifunza waliendelea hadi kufundishwa Kiingereza na theolojia ili wawe walimu. Wengine walipelekwa katika ufundi au kwenye mashamba. Mbweni nako mgawanyo ulikuwa huo huo: wasichana wa vitabu upande mmoja, wasichana wa kazi upande wa pili, wakishona, kusuka mikeka, kupika na kufua. Wasichana wa vitabu walitayarishwa kuwa walimu na, kwa mpango usiofichwa, kuwa wake wa walimu waliotoka Kiungani. Misioni iliwalea pande zote mbili, ikawafungisha ndoa, kisha ikawatuma pamoja.

Mwalimu aliyeiongoza shule ya Mbweni kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Caroline Thackeray, jamaa wa mwandishi maarufu wa riwaya wa jina hilo. Alifika mwaka 1877, akawa mkuu wa shule kwa miaka 25, hadi 1902. Alitoa kazi bila mshahara kama wenzake, na juu yake alitumia mali yake mwenyewe kwa ajili ya shule na kijiji. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alibaki Mbweni miaka 24 mingine. Kwa jumla alikaa karibu nusu karne mahali pamoja, akiona watoto aliowapokea wakiwa wagonjwa wa jahazi wakikua, wakiolewa, na kuleta watoto wao wenyewe kwake wasome. Sisi tunaosoma habari za walimu wa kujitolea tunafikiri kwamba urefu huu wa kukaa ndio unaomtofautisha na wengi waliomfuata. Hatusemi kwamba mwalimu wa miezi sita hana faida. Lakini mtoto aliyekwisha kuuzwa mara mbili au tatu, na kila mara kumpoteza mtu aliyemzoea, anahitaji kwanza kabisa mtu ambaye hataondoka. Jambo hilo Thackeray alilifanya, nalo halionekani katika taarifa za idadi ya wanafunzi.

Hata hivyo yeye pia alikuwa mtu wa zama zake. Shule yake ilikuwa na nidhamu kali, na msichana aliyekataa mchumba aliyependekezwa, au aliyetaka kwenda mjini kwa jamaa wa Kiislamu aliowapata huko, alionwa kuwa amepotea. Uhuru waliopewa wasichana ulikuwa ndani ya ua. Wapo waliouruka.

Ni nadra historia ya namna hii kutuachia sauti za wanafunzi wenyewe, lakini hapa ipo bahati. Mwaka 1887 Madan alichapisha mjini London kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo alitafsiri masimulizi yaliyoandikwa na wavulana wa shule hiyo kwa Kiswahili kama zoezi la darasani. Wanaeleza kijiji chao, siku ya kukamatwa, jinsi walivyobadilishwa kwa nguo au baruti, safari ya miguu hadi pwani, giza la tumbo la jahazi, hofu yao walipowaona Wazungu wa mashua, na hatimaye shule. Masimulizi hayo yana ukavu wa kushangaza. Mtoto anaeleza kuuzwa kwake kama mtu anayetaja vituo vya barabara. Yawezekana ndivyo alivyofundishwa kuandika insha. Yawezekana pia ndivyo mtu anavyosema jambo ambalo hana njia nyingine ya kulisema. Kwa hali yoyote, msomaji wa kitabu hicho hawezi tena kuandika historia ya Kiungani kama historia ya Waingereza waliojinyima. Darasani humo aliyekuwa amelipa gharama kubwa zaidi alikuwa amekaa kwenye benchi.

Sasa tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Tangu mwanzo nia ya misioni ilikuwa kwamba wanafunzi hawa wawe walimu wa bara. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 wa Mbweni, wanaume na wanawake waliowekwa huru, kuwapeleka upande wa Ziwa Nyasa, karibu na makwao. Hawakufika huko. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri wakakaa, na hivyo Masasi ikawa kituo cha Kanisa. Katika vitabu vya misioni habari hii husimuliwa kwa furaha, kama Waisraeli wanaorudi kutoka utumwani. Ni kweli kwamba wengi walitamani kurudi bara. Lakini mwezi Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, walishuka Masasi, wakaua baadhi ya watu, wakachoma nyumba, na kuwachukua wengine mateka. Watu waliokuwa wamekombolewa baharini wakafungwa kamba mara ya pili nchi kavu, wakiwa katika utumishi wa Kanisa. Chauncy Maples, kasisi wa kituo, alifanya bidii kuwakomboa, na baadhi walirudi.

Mmisionari aliyejitolea alijua kwamba anaweza kufa, na wengi walikufa. Hatutaki kulipunguza hilo. Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882 akiwa na miaka 54. Askofu Smythies aliyemfuata alifia baharini mwaka 1894 akirudishwa Uingereza mgonjwa. Maples mwenyewe, akiwa amekwisha kuwa askofu, alizama katika Ziwa Nyasa mwaka 1895. Walikuwa wameupima mzigo kabla ya kuubeba. Wale wa Mbweni waliotumwa Masasi walikuwa na nafasi gani ya kupima? Mtu anayeishi katika nyumba ya misioni, anayelima shamba la misioni, aliyefunga ndoa kwa mpango wa misioni, na asiye na ukoo wowote kisiwani wa kumkimbilia, akiulizwa na askofu kama yu tayari kwenda, jibu lake tulisikilize kwa uangalifu. Laweza kuwa ndiyo ya kweli. Laweza kuwa ndiyo ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu na akabaki salama aliposema hapana.

Kwamba ndiyo ya kweli ilikuwepo, maisha ya Cecil Majaliwa yanaonyesha. Alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni akawekwa huru Unguja, akasomeshwa Kiungani na baadaye katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Mkewe Lucy Magombeani alikuwa msichana wa Mbweni. Mwaka 1886 alipewa ushemasi akapelekwa Chitangali, katika eneo la Masasi, kwa chifu wa Kiyao Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kufikia daraja hilo. Kwa miaka kumi na zaidi aliendesha kituo bila Mzungu kukaa naye. Alihubiri kwa Kiyao, akajenga kanisa na shule, akasafiri vijijini, naye Lucy akafundisha wanawake na watoto. Wageni waliotembelea Chitangali waliandika kwamba kazi yake ilikuwa bora kuliko ya vituo vingi vilivyokuwa na Wazungu. Mwaka 1897 alirejea Unguja, na sababu mojawapo ilikuwa masomo ya watoto wake: alitaka wapate elimu ambayo Chitangali haikuwa nayo. Wakuu wake hawakulifurahia jambo hilo. Sisi hatuoni kosa lake. Wamisionari wasio na watoto hawakupata kamwe kuchagua kati ya kituo na shule ya mtoto, na kanuni iliyowafaa wao ilimbana yeye.

Ugomvi huo huo ulijitokeza katika suala la mshahara. Vijana wa Kiungani walijua kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na baadhi yao kwa Kiingereza. Uingereza ilipoutangaza Unguja kuwa nchi lindwa mwaka 1890, na Wajerumani walipokuwa wakipanga utawala wao bara, makarani na wakalimani walitafutwa kila mahali. Wengi waliacha ualimu wa misioni, uliolipa kidogo, wakaenda ofisini na katika nyumba za biashara. Katika maandishi ya misioni wanalaumiwa kwa kupenda fedha. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini ilitoka kwa watu ambao kutopokea mshahara kulikuwa heshima kwao mbele ya jamaa zao. Kwa kijana aliyewahi kuwa bidhaa, kupokea ujira kwa kazi ya mikono yake kulikuwa na maana nyingine: ndiyo alama ya kwamba yeye si mtumwa. Mtumwa ndiye anayefanya kazi akapewa chakula na nguo. Sidhani kwamba walimu wa Kiungani, pamoja na elimu yao yote, waliwahi kuona jinsi masharti yao ya utumishi, chakula na malazi na posho ya nguo, yalivyofanana kwa nje na masharti ambayo wanafunzi wao walikuwa wameyakimbia.

Wapo waliobaki katika ualimu, na uhusiano wao haukukatika. Gazeti dogo la Msimulizi, lililoanza kupigwa chapa Unguja mwaka 1888, lilichukua barua na habari kutoka kwa walimu waliotawanyika Bonde, Masasi na Nyasa: nani ameoa, nani amefiwa, wanafunzi wangapi, mvua imechelewa, wanacheza mpira. Yeyote anayetaka kujua mawazo ya kizazi cha kwanza cha walimu Waafrika wa Afrika Mashariki, aanzie hapo kabla ya kusoma taarifa za maaskofu. Lugha yake ni nyepesi, yenye mzaha, na haina kujihurumia.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 watoto wa majahazi walipungua, na baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, shule ya Kiungani ilijaa zaidi vijana waliotoka katika makanisa ya bara. Hao walikuwa na wazazi. Waliletwa na baba zao au walikuja wenyewe, na likizo zikifika walirudi kwao. Walimu waliona tofauti mara moja: vijana hawa waliuliza maswali, walilalamikia chakula, na waliweza kuondoka. Frank Weston, aliyekuja Unguja mwaka 1898 na kuwa mkuu wa Kiungani kuanzia 1901 hadi alipofanywa askofu mwaka 1908, alifundisha kizazi hiki. Huenda miaka hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Mwaka 1920, serikali ya kikoloni katika nchi jirani ya Kenya ilipotaka maofisa wake wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, huku ikisema kwamba wanakwenda kwa hiari yao, Weston aliandika kijitabu kikali akiwaita watu hao watwana wa Uingereza. Alikataa kabisa kwamba hiari inayotokana na agizo la mkubwa ni hiari. Hatukuona mahali alipoitumia hoja hiyo dhidi ya historia ya misioni yake mwenyewe, lakini hoja imesimama pale kwa yeyote atakayeitumia.

Weston alifariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata chuo cha Kiungani kilihamishiwa bara, Minaki karibu na Kisarawe, kikiwa na jina lile lile la Mtakatifu Andrea, na walimu wengi wa Tanganyika walipita hapo katika miaka iliyofuata. Caroline Thackeray alifariki mwaka 1926 akazikwa Mbweni, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana. Kuta za shule yake zingalipo karibu na bahari, paa likiwa limekwisha kuanguka siku nyingi. Kijijini, wazao wa watu wa majahazi waliendelea kulima minazi na kusali katika kanisa hilo, wengine wakiwa na majina mawili, la Kiingereza na la pwani, kama yale waliyopewa wavulana watano wa mwaka 1864.